Naltreksoni ya dozi ndogo kwa maumivu ya fibromialjia na lupasi: jinsi ya kuijaribu kwa wiki 12

Swali hili huja kwa sauti ya chini. Mtu anasubiri wateja wengine waondoke, anasogea kaunta, anafungua simu na kunionyesha: "Dokta, hii mnayo?" Kwenye kioo cha simu kuna herufi tatu, LDN, na maelezo ya mwanamke wa mbali mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, anayesema dawa hii imemtoa kitandani. Mimi si daktari, ni mfamasia, ila kwa kaunta za kwetu kila anayevaa koti jeupe ni dokta. Nimechoka kueleza mambo haya nusunusu huku foleni ikinikodolea macho, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa.

LDN ni naltreksoni ya dozi ndogo. Kwenye boksi utaiona imeandikwa Naltrexone. Usiichanganye na Naloxone, ambayo ni dawa nyingine ya dharura kwa mtu aliyezidisha mofini au heroini. Majina yanafanana, kazi hazifanani.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaye daktari, tayari ameambiwa ana fibromialjia (ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima) au lupasi, na anataka kujua dawa hii inatumikaje kabla hajaomba aandikiwe. Kama bado unajitafutia ugonjwa kwenye simu, anza hospitali kwanza. Makala hii itakusubiri.

Dawa yenyewe, kwa ufupi

Naltreksoni ilipewa kibali Marekani mwaka 1984 kwa ajili ya watu walioacha heroini, na mwaka 1994 ikaongezewa kibali cha kuwasaidia wanaoacha pombe. Kidonge chake ni cha miligramu 50. Kazi yake ni kuziba vipokezi ambavyo mofini na jamii yake huvishika mwilini. Dozi ndogo tunayoizungumzia hapa haizidi miligramu 4.5 kwa siku, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya kidonge. Daktari Bernard Bihari wa New York alianza kuitumia kwa viwango vidogo hivyo katikati ya miaka ya 1980, kwa wagonjwa wa UKIMWI. Habari za maumivu zilikuja baadaye. Inadhaniwa kwamba vipokezi vikizibwa kwa saa chache tu, mwili hujibu kwa kutengeneza zaidi vituliza maumivu vyake wenyewe, na kwamba seli fulani za kinga zilizomo kwenye ubongo na uti wa mgongo hupunguza fujo. Inadhaniwa. Nadharia iishie hapo.

Kuitumia kwa fibromialjia ni nje ya kibali chake. Neno hilo linawatisha watu bure. Amitriptilini ambayo pengine umeshaandikiwa umeze usiku kwa ajili ya maumivu, nayo kibali chake cha asili ni cha sonona. Nje ya kibali maana yake ni kwamba kiwanda hakijaithibitisha kwa ugonjwa huo mbele ya mamlaka, na daktari anayekuandikia anabeba uamuzi huo kwa ujuzi wake. Si haramu. Ila ni sababu ya kuwa makini zaidi, maana karatasi iliyomo ndani ya boksi haitakueleza dozi yako.

Ushahidi je? Umechanganyika, na ni haki yako kuujua kabla hujatoa hela. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ya wanawake 31 wenye fibromialjia: maumivu yalishuka kwa asilimia 28.8 walipotumia naltreksoni, na kwa asilimia 18 walipotumia kidonge kisicho na dawa. Watu wakashangilia. Mwaka 2024 Wadenmark wa Odense wakatoa majibu ya utafiti mkubwa zaidi, wanawake 99, miligramu 6 kwa wiki 12. Safari hii, kwa wastani, tofauti ya maumivu kati ya waliopata dawa na wasiopata ilikuwa ndogo mno kuitegemea. Kwa lupasi hakuna utafiti mkubwa wa kushikilia kabisa. Tunaazima kutoka kwenye fibromialjia.

Kwa hiyo ukinisikia nasema "jaribu", nina maana ya kujaribu kweli: unapima kabla, unapima wakati, na ikishindwa unaiacha.

Dawa hii si yako kama:

- Unatumia dawa yoyote ya jamii ya mofini: tramadoli, kodeini, mofini, pethidini, methadoni. Anayehudhuria kliniki ya methadoni, kama ile iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, asiiguse.
- Una selimundu na maumivu yakikubana huwa unachomwa mofini au pethidini. Siku ya kubanwa, dawa hizo zinaweza kugoma kufanya kazi.
- Una homa ya ini iliyochachamaa, au ini limeshindwa kazi.
- Una mimba, unaitafuta, au unanyonyesha. Hapo mjadala ni wa daktari wako, si wa makala.
- Figo zimeguswa na lupasi. Hii haikufungii mlango moja kwa moja, lakini dawa hutoka kwa njia ya mkojo, na daktari wa figo lazima ajue.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Cheti cha daktari chenye jina la dawa na dozi kwa miligramu. Majibu ya vipimo vya ini na figo vya karibuni. Kwa mwenye lupasi, kipimo cha mkojo cha protini na presha ya siku hizi, si ya mwaka jana. Daftari dogo na kalamu. Mabomba mawili ya kupimia dawa ya maji, la mililita 1 na la mililita 10, yasiyo na sindano. Chupa safi ya kioo cheusi yenye mfuniko, ya kuanzia mililita 60. Friji. Na mfuko wa plastiki mkubwa. Kazi yake utaijua hatua ya pili.

Hatua ya 1: Jua maumivu yako ni ya nani

Mwenye lupasi anaweza kuwa na maumivu ya aina mbili chini ya ngozi moja. Ya kwanza ni lupasi yenyewe imeamka: viungo vinavimba na kuwa vya moto, asubuhi vidole havikunjiki, homa, vipele vya usoni vinarudi, kifua kinauma ukivuta pumzi, mkojo una povu, miguu inajaa. Ya pili ni ya fibromialjia: mwili mzima unauma lakini ukikibonyeza kiungo hakijavimba, unalala kwa muda wa saa nane na kuamka kama uliyepigwa, kichwa kina ukungu, hata kanga ikikaza inauma.

Naltreksoni, kama itasaidia, itasaidia hayo ya pili. Haitibu lupasi. Ukinywa dawa hii kwa maumivu ya aina ya kwanza, utakuwa unaziba masikio wakati nyumba inaungua, na kinachoungua mara nyingi ni figo.

Kosa la kawaida, nalo ni baya kuliko yote humu: mtu anaanza naltreksoni, anajisikia nafuu kidogo, anaacha dawa zake za lupasi, haidroksiklorokwini na prednisoloni, kwa sababu "nimepata dawa ya asili ya kinga". Usifanye hivyo. Haidroksiklorokwini inaendelea. Prednisoloni haiachwi ghafla kwa sababu yoyote ile. Ukiikata ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu, mwili unaweza kuanguka.

Hatua ya 2: Pekua dawa zote za nyumbani

Chukua ule mfuko wa plastiki. Pita chumbani, jikoni, kwenye droo ya televisheni, kwenye pochi zako zote, na kwenye kabati la mume au la mama. Weka kila dawa unayomeza au uliyowahi kumeza miezi miwili iliyopita, pamoja na dawa za kikohozi, za kuharisha na zile zilizofungwa kwenye vibahasha visivyo na jina. Leta mfuko wote kwa mfamasia. Usilete orodha. Orodha husahau.

Nakaa sana hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Naltreksoni, hata kidogo, ikimkuta mtu ambaye mwili wake umezoea tramadoli, inaing'oa tramadoli kwenye vipokezi kwa mara moja. Matokeo yake ni arosto, ileile ya mitaani: kutapika, kuharisha, jasho, kutetemeka, maumivu kuliko ya mwanzo. Mtu mwenye heshima zake, hajawahi kuona hata rangi ya heroini, anaingia arosto sebuleni kwake.

"Lakini mimi situmii tramadoli." Husemwa sana. Kisha tunafungua mfuko. Vile vidonge ambavyo jirani alikugawia ulipobanwa mgongo. Kibahasha cha "dawa ya maumivu makali" kutoka duka la mtaani. Betapyn, ambayo Wakenya wengi huimeza kwa kichwa tu bila kujua ndani yake kuna kodeini. Dawa ya kikohozi yenye kodeini. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza mteja dawa zote za vidonge na nikasahau kuuliza za maji. Alikuwa anamalizia chupa ya kikohozi. Alipita usiku mmoja mbaya, akanisamehe, mimi sijajisamehe. Siku hizi nasema: lete mfuko.

Kama umetumia dawa za jamii hiyo, zinatakiwa zipite siku 7 hadi 10 bila kuzigusa kabla ya kuanza naltreksoni. Kwa methadoni na buprenofini hufika wiki 2. Na kama umekuwa ukimeza tramadoli kila siku kwa muda mrefu, usiikate mwenyewe. Daktari akushushe taratibu.

Parasetamoli haina ugomvi na naltreksoni. Diklofenaki na ibuprofeni hazina ugomvi nayo pia, ingawa zina ugomvi wao wenyewe na figo za mwenye lupasi.

Hatua ya 3: Andika wiki mbili kabla ya kuanza

Kila jioni, mistari minne: maumivu ya leo kutoka 0 hadi 10, nimelala kwa muda wa saa ngapi na nimeamkaje, uchovu kutoka 0 hadi 10, na jambo moja nililoweza au nililoshindwa, mfano "nimefua shuka mbili", "nimeshindwa kupanda ngazi za kanisani". Mstari huo wa nne ndio hutoa siri. Namba hudanganya siku ya hasira, shuka hazidanganyi.

Usiruke hatua hii kwa haraka ya kuanza. Bila wiki mbili za mwanzo hutajua kama dawa imefanya kazi. Utabaki na hisia, na hisia za mtu aliyetumia hela nyingi huwa upande wa hela yake.

Hatua ya 4: Ongea na daktari

Nenda na daftari, majibu ya vipimo na swali lililo wazi: "Ningependa kujaribu naltreksoni ya dozi ndogo kwa wiki 12, huku dawa zangu za lupasi zikiendelea. Unaona kuna kizuizi?" Madaktari wengi wanaijua naltreksoni kama dawa ya waraibu tu, kwa hiyo usishangae akikunja uso. Mwachie muda asome.

Uwe tayari kuulizwa kama umeshajaribu vya kawaida. Swali hilo ni la haki. Amitriptilini kidogo usiku ni rahisi kupata, bei yake haiumi, na madaktari wameizoea. Na kwenye mapendekezo ya madaktari wa Ulaya ya mwaka 2016 kuhusu fibromialjia, kitu pekee kilichopendekezwa kwa nguvu zote kilikuwa mazoezi. Kutembea dakika kumi, kuongeza mbili kila wiki. Najua, ukiwa unauma mwili mzima, ushauri huo unaudhi. Lakini hauna madhara ya ini.

Hatua ya 5: Tafuta dawa mahali panapoeleweka

Usitarajie kuikuta kila famasi. Piga simu kabla ya kupanda daladala. Famasi kubwa za mjini na zile zilizo karibu na vituo vya kutibu uraibu ndizo za kuanzia, na mara nyingi utakachokuta ni kidonge cha miligramu 50. Vidonge au kapsuli zenye dozi ndogo tayari hutengenezwa na famasi maalumu zinazochanganya dawa, nyingi ziko Ulaya na Marekani. Kama dada yako yuko Minnesota au London na anataka kukutumia, mwambie asitume kimyakimya kwenye begi la mgeni. Hii ni dawa ya cheti. Uliza kwanza mamlaka ya dawa ya nchi yako, TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, utaratibu wa kuingiza dawa ya mtu binafsi.

Anayeuza kwa ujumbe wa simu na kukuletea kwa bodaboda bila kuomba cheti, muache. Ukiuziwa chaki utapoteza hela. Ukiuziwa kitu kingine utapoteza zaidi.

Ukipata kapsuli, uliza kama ni za kutoka taratibu. Hizo hazitakiwi. Dozi ndogo inategemea dawa iingie na itoke upesi.

Hatua ya 6: Kuigeuza miligramu 50 kuwa dozi ndogo

Kama umepata kapsuli za dozi ndogo, ruka hatua hii. Kama unacho kidonge cha miligramu 50, mwombe mfamasia akuchanganyie. Kama daktari na mfamasia wamekubali ufanye nyumbani, fanya hivi, na mara ya kwanza fanya mbele ya mfamasia:

1. Osha mikono, osha chupa kwa maji ya moto, iache ikauke yenyewe. Usiipanguse kwa kitambaa.
2. Chemsha maji ya kunywa, yaache yapoe kabisa. Maji ya chupa yanafaa pia. Maji ya betri hayafai. Nasema kwa sababu mtu alisoma mahali "maji yaliyotoneshwa", akaenda gereji.
3. Pima mililita 50 kwa bomba la mililita 10, mara tano, uingize kwenye chupa.
4. Tumbukiza kidonge kimoja kizima. Acha nusu saa, kisha tikisa mpaka kivunjike chote. Mchanga mweupe utakaobaki chini ni unga wa kushikilia kidonge. Dawa yenyewe huyeyuka vizuri majini. Hata hivyo tikisa kila mara kabla ya kuvuta.
5. Sasa mililita 1 ina miligramu 1. Andika hivyo kwenye chupa, pamoja na jina la dawa na tarehe.
6. Weka friji, juu, mbali na watoto. Baada ya siku 14 usiitumie tena, irudishe famasi, hata kama imebaki nyingi. Humo hamna kitu cha kuzuia isiharibike.

Ni chungu. Vuta kwa bomba, mimina nyuma ya ulimi, kunywa maji.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kukata kidonge kwa wembe. Mama mmoja aliniletea kisahani chenye "vipande kumi sawa". Nilivipima kwa mizani, cha kwanza kilikuwa mara tatu ya cha mwisho. La pili ni kijiko cha chai. Kijiko cha chai ni kama mililita 5, maana yake miligramu 5, na wewe uliandikiwa 1. La tatu ni bomba la insulini, ambalo alama zake ni yuniti: "10" ya bomba hilo ni mililita 0.1 tu. Tumia bomba lenye alama za mililita.

Huna friji, au umeme kwenu ni wa kubahatisha? Usitumie njia ya maji. Subiri kapsuli, au mwombe mfamasia akutunzie chupa na kukupimia dozi za siku chache chache.

Hatua ya 7: Panda polepole

Dozi ni ya daktari wako. Ratiba ninayoiona mara nyingi kwenye vyeti ni hii: miligramu 1 kila usiku kwa wiki mbili, kisha 2 kwa wiki mbili, kisha 3, kisha 4 au 4.5, na kubaki hapo. Wenye miili inayostuka upesi huanza na nusu miligramu. Meza wakati wa kulala, kama saa tatu au saa nne usiku. Kwa kuwa ni mara moja kwa siku, aliyefunga Ramadhani haimsumbui.

Kila unapopandisha, panda kwa sababu dozi iliyopo umeizoea, si kwa sababu kalenda imefika. Na ukipata nafuu nzuri kwenye miligramu 2, baki kwenye 2. Hakuna zawadi ya kufika juu.

Kipindi hiki chote usibadilishe kitu kingine. Usianze virutubisho vipya, usianze mwarobaini, usibadilishe dawa ya usingizi. Ukibadili vitu vitatu kwa pamoja na ukapona, hutajua umpe nani shukrani. Ukizidiwa, hutajua umlaumu nani. Kama daktari amebadilisha dozi ya prednisoloni katikati ya jaribio, andika tarehe kwa kalamu nyekundu, maana prednisoloni peke yake inaweza kukufanya ujihisi umezaliwa upya kwa wiki moja.

Andika kikaratasi na ukiweke nyuma ya kitambulisho: "Natumia naltreksoni, miligramu kadhaa kila usiku. Dawa za jamii ya mofini zinaweza zisifanye kazi kwangu." Ukipata ajali huna uwezo wa kusema, kikaratasi kitasema. Mwambie pia mtu mmoja nyumbani.

Hatua ya 8: Toa hukumu wiki ya 12

Chukua daftari. Tafuta wastani wa maumivu wa zile wiki mbili za kabla, na wastani wa wiki mbili za mwisho. Kushuka kwa theluthi hivi, tuseme kutoka 7 hadi 5, kunahesabika kuwa nafuu ya kweli. Kutoka 7 hadi 6.5 ni hali ya hewa. Kisha soma ule mstari wa nne. Kuna mteja ambaye namba zake zilibaki palepale, lakini kwenye mistari alikuwa ameanza kuandika "nimeenda sokoni" mara tatu kwa wiki. Daktari wake alimwongezea mwezi mmoja, nami naona alifanya sawa.

Kama hakuna badiliko, acha. Dozi hizi ndogo kwa kawaida hazihitaji kushushwa kidogo kidogo. Usiongeze mwenyewe hadi 10 au 20 kwa matumaini. Huko tunatoka kwenye dozi ndogo na kuingia kwenye dawa tofauti kitabia.

Mambo yakienda kombo

*Ndoto.* Ndoto za rangi kali, ndefu kama tamthilia, ndilo lalamiko la kwanza kwa karibu kila mtu. Wengi hutulia baada ya wiki moja au mbili. Zikikutisha, rudi kwenye dozi ya chini.

*Usingizi umekimbia.* Hamishia dozi asubuhi. Aliyefunga ameze wakati wa daku.

*Kichefuchefu au kichwa.* Meza baada ya kula kitu kidogo. Kikiendelea wiki nzima, shuka dozi. Parasetamoli inaruhusiwa kwa kichwa.

*Maumivu yameongezeka siku za mwanzo.* Wapo wanaolalamika hivyo siku tatu nne za kwanza. Lakini kama yamekuja na kutapika, kuharisha na jasho, acha hapohapo na uende hospitali: kuna dawa ya jamii ya mofini mwilini ambayo hukuijua.

*Nimesahau dozi.* Iache, meza ya kesho. Usimeze mbili.

*Nimeharisha na dawa ya kuzuia haifanyi kazi.* Loperamidi ni ndugu wa mbali wa mofini, naltreksoni inaweza kuizuia. Tumia maji ya chumvi na sukari ya hospitali, na umwone mtabibu.

*Napangiwa upasuaji, hata wa jino au wa kujifungua.* Mwambie daktari wa nusu kaputi mapema, si ukiwa umelala mezani. Kwa dozi hizi ndogo wengi huisimamisha siku 1 hadi 3 kabla, lakini neno la mwisho ni lake. Usirudie kuimeza mpaka dawa zote za maumivu za wodini ziishe mwilini.

*Macho au ngozi ya njano, mkojo kama chai ya rangi, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu.* Acha dawa, pima ini siku hiyohiyo.

*Viungo vimevimba, mkojo una povu, homa.* Hiyo ni lupasi inabisha hodi. Usisubiri wiki ya 12. Nenda kliniki leo, na umweleze daktari dawa zote ikiwemo hii.

*Daktari amekataa.* Muulize sababu na uiandike. Kama amesema figo, ini au tramadoli, amekuokoa. Kama amesema haijui dawa, omba rufaa kwa daktari wa baridi yabisi au wa maumivu. Wachache, lakini wapo hospitali kubwa za rufaa. Usiende kununua kwa hasira.

*Shoga yangu naye anaumwa mwili, nimgawie?* Hapana. Hujui kilichomo kwenye vibahasha vyake. Mwambie achukue mfuko wa plastiki, apekue nyumba yake, aje nao kaunta. Na chupa zako zilizobaki usizimwage kwenye sinki wala kuzitupa jalalani ambako watoto huokota. Zirudishe famasi, tunajua pa kuzipeleka.